Kabla Eda Haijaisha

Majina sitayaandika. Si kwa kuogopa, maana umri wangu wa kuogopa ulikwisha zamani. Ni kwa sababu watoto wao wako hai na hawakunifanyia neno. Lakini watu walioivunja nyumba yangu walikuwa watatu, nami nitawataja kwa nafasi zao: mwinjilisti wa kijiji chetu, mwenyekiti wa tawi, na kaka yangu wa tumbo moja. Mtu wa huko kwetu nyuma ya Irente akisoma atajua nasema nani. Na ajue.

Shule nilifika darasa la pili nikatolewa kwenda kuchunga. Kuandika sawasawa nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, nimekaa benchi moja na wanawake wenye wajukuu. Kwa hiyo mkiona nimekosea neno mnisamehe. Mambo yenyewe sijayakosea.

Kijiji chetu kilikuwa nusu kwa nusu. Upande wa juu, karibu na kanisa, Walutheri. Upande wa bonde, Waislamu. Katikati palikuwa na nyumba zilizochanganyika, mama huku, shangazi kule. Tulizikana na tulikula pamoja, na kula pamoja kulikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeiandika popote: mnyama wa shughuli huchinjwa na Mwislamu. Awe ng'ombe wa harusi ya Mlutheri, awe kondoo wa Krismasi, analetwa kwa mkono ambao watu wote watakula nyama yake. Mlutheri hakupungukiwa na kitu, na Mwislamu hakukaa pembeni akitazama wenzake wakitafuna.

Mkono huo ulikuwa wa baba yangu. Asubuhi ya Krismasi alitoka nyumbani kabla ya kengele, akapanda juu na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa, akazunguka nyumba za Walutheri moja baada ya nyingine. Wao wakiimba kanisani, yeye alikuwa akirudi bondeni na shingo za kondoo, maana shingo ndiyo sehemu ya mchinjaji. Alipofariki, karibu na wakati wa Uhuru, wazee walinipa mimi kile kisu wakamruka kaka yangu mkubwa. Sababu waliisema mbele za watu: kaka ana hasira, na mnyama hachinjwi kwa hasira. Kaka siku ile hakujibu. Alinyamaza kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

Mimi nilioa binti wa Mazinde, kule chini kwenye mkonge, ambako baba yake alikuwa mnyapara. Mwaka wa kwanza baridi yetu ilimtesa, akawa anatembea amejifunga khanga juu ya khanga kama mzigo wa sokoni. Alitucheka jinsi tunavyosema Kiswahili. Alisema sisi watu wa mlimani tunaongea kama tunapanda ngazi, neno moja juu, neno moja chini. Alisali sala zake zote na hakumhubiria mtu. Tulipata mtoto wa kike, naye akaanza kuongea kwa ngazi kama sisi, mama yake akashindwa kabisa.

Kazi yangu mbali na bustani ilikuwa kupasua mbao msitu wa Magamba. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake chini shimoni, msumeno katikati yao. Wa chini ndiye anayekula unga wa mbao. Mwenzangu alikuwa Mlutheri wa upande wa juu, mtu mzima kuliko mimi, naye siku hizo alikuwa anajifunza kusoma. Tukipumzika mchana alitoa Agano Jipya lake kwenye mfuko wa chumvi, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kidole kikitembea.

Nilianza kwa kumcheka. Nikamwambia, "Mgoshi, hilo neno umelirudia mara ngapi, Mungu wako ana kigugumizi?" Akacheka, akaendelea. Na kwa sababu alisoma polepole, mimi niliyelala shimoni sikuwa na la kufanya ila kusikia kila kitu.

Kilichonishika haikuwa miujiza. Miujiza hata bibi yangu alikuwa nayo. Kilichonishika ni ile habari ya kushitakiwa. Watu wa dini wanamleta mtu kwa mtawala. Mtawala anamwona hana kosa, lakini anaogopa kelele za watu, anaagiza maji, ananawa. Nilimwomba mwenzangu anisomee tena. Akaniambia kusoma kwenyewe kumemchosha, ningoje kesho. Nikangoja.

Sikukimbilia kanisani, hilo nataka lieleweke, maana baadaye ilisemwa nilinunuliwa kwa shati la mtumba. Nilianza kwa maalim wetu wa msikiti. Alikuwa mtu mpole. Nilimuuliza maana ya maneno niliyoyasema kila siku tangu utoto, akanikalisha, akaniambia hakuna aliyewahi kumuuliza, akanifundisha kwa wiki nyingi. Hapo ndipo nilipojua mara ya kwanza baba yangu alikuwa anasema nini anapoinama. Mwaka ule viazi vilipooza mashambani nilikwenda na bibi kwenye tambiko, kwetu tunaita fika. Bibi, ambaye Ijumaa alikuwa Mwislamu safi, alimwaga pombe ya miwa kaburini, akaongea na babu aliyekufa kama anavyoongea na jirani aliyeazima chungu na hakurudisha. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote. Na nilipopeleka kabichi Kifungilo, siku ya sikukuu yao, niliingia kusimama nyuma ya kanisa la Wakatoliki. Wakati huo bado walisali kwa Kilatini. Nikajisemea, angalau hapa hakuna anayejidai kuelewa.

Kila mahali nilipata kitu, na kila mahali nilitoka bado nikiisikia ile habari ya shimoni. Ndipo nikaanza kwenda jioni kibarazani kwa mwinjilisti. Nilimwambia wazi kwamba sijaamua na sitaki asikie mtu. Akanishika mkono akasema haya ni ya Mungu na mimi na yeye. Tangu jioni ile ya kwanza, kile kisu sikukigusa tena. Niliona si haki kuchinja kwa jina la Mungu wakati ninauliza ni nani. Nikasingizia bega, na bega kweli liliuma kwa msumeno, na kazi ya kuchinja ikashikwa na kaka yangu kwa muda. Shughuli zote za msimu ule alichinja yeye. Mkumbuke hilo.

Mke wangu nilimwambia. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa. Akasema hawezi kunisaidia kutafuta kitu ambacho yeye hajakipoteza. Halafu akaniuliza kama nitakula sasa au baadaye.

Basi. Jumapili moja mwinjilisti alisimama mbele ya kanisa zima akaomba. Mimi sikuwapo, lakini maneno nililetewa na watu wengi, na wote waliyaleta sawasawa.

"Bwana, tunamleta kwako ndugu yetu mmoja wa upande wa bonde, ambaye mkono wake unajulikana na kila chungu cha kijiji hiki. Anagonga mlango, Bwana. Mfungulie."

Ndivyo alivyonitoa nje. Kwa kuniombea. Mchana haujafika, kisimani walikuwa wanajua, na kwenye mashine ya kusaga walikuwa wanajua. Nilipomfuata, alikuwa anakunywa chai. Hakuona kosa lolote. Alisema maombi si siri, ni silaha. Kisha akasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka meno yanauma:

"Lakini jina lako sikulitaja."

Kaka yangu hakuhitaji zaidi ya hapo. Alianza kuzunguka bondeni nyumba kwa nyumba, kwa sauti ya mtu mwenye huzuni. Alisema inamuuma sana, ni damu yake, lakini watu wana haki ya kujua kwamba wamelishwa kibudu. Nyama iliyochinjwa na aliyeritadi haina tofauti na nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe, na nani ajuaye ameritadi tangu lini. Watu wakaanza kuhesabu hitma walizokula, harusi walizokula. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akinipa uji nilipokuwa mtoto, alikutana nami njiani, shikamoo yangu hakuiitika, akatema mate pembeni. Alikuwa anaikumbuka hitma ya mumewe. Hitma ile alichinja kaka yangu. Kaka alijua. Alikaa akamwacha bibi wa watu ateme mate usiku na mchana kwa nyama aliyoichinja yeye mwenyewe, ili mradi aibu iwe yangu.

Nilipomwambia mbele ya watu aseme nani alichinja siku ile, akatikisa kichwa pole pole. Akasema, "Mnaona? Sasa anataka kunitia na mimi."

Hapo ndipo mwenyekiti wa tawi alipoingia. Huyu alikuwa na jina la ubatizo, lakini kanisani alionekana kwenye harusi tu. Kijiji kilikuwa kinajiandaa kufungua duka la ujamaa, mgeni wa chama alikuwa anakuja kutoka Lushoto mjini, na ng'ombe wa sherehe alikuwa amekwisha patikana. Mwenyekiti aliniita ofisini. Alisema mgeni hawezi kukuta kijiji kina vyungu viwili, kimoja cha juu na kimoja cha bonde. Ujamaa gani huo. Kwa hiyo nitachinja mimi, mbele ya wote, kwa sauti, na uvumi utakufa hapo hapo.

Nikamweleza kwamba siwezi kusema lile jina juu ya mnyama wakati moyo wangu uko njiani.

"Mimi sikuulizi moyo," akasema. "Nakuomba mkono."

Kisha akageuza mazungumzo kwenda kwenye bustani yangu ya bondeni, ile ya mtoni aliyoniachia baba. Alisema kamati inatazama upya mashamba ya bondeni. Alisema ni vizuri mtu aonekane ana ushirikiano. Hakuongeza kitu. Nilipotoka nje sikuwa naiwaza bustani. Nilikuwa nimeelewa kwamba nikikataa, nitakuwa nimesema neno ambalo sijalisema, na neno hilo litashuka hadi Mazinde kwa mkwe wangu. Aliyeritadi hana mke wa Kiislamu. Hilo hata mtoto wa madrasa analijua.

Siku ya sherehe ukungu ulikaa hadi mchana. Mgeni aliwekwa kwenye kiti chenye mto, meza mbele yake, sahani ya matunda damu, yale mekundu ya mlimani. Watoto waliimba nyimbo za kilimo. Ng'ombe alilazwa nyuma ya duka, miguu imefungwa, kichwa kimeelekezwa kibla, na aliyekishika kichwa alikuwa kaka yangu. Kwa nini yeye, sijui nani alipanga. Upande wa juu na upande wa bonde wote walikuja kutazama, jambo ambalo si la kawaida, maana kuchinja hakutazamwi. Walikuwa wananitazama mimi.

Nilipewa kisu. Kilikuwa kile cha baba. Nilikijaribu kwa kidole, kikali, kaka alikuwa amekinoa vizuri. Mke wangu alikuwa miongoni mwa wanawake wenye sufuria, mtoto mgongoni, na nilijua asipoondoka na mimi leo ataondoka na baba yake kesho. Neno lenyewe ni fupi. Nimelisema maelfu ya mara na baba yangu alilisema kabla yangu. Ulimi ulikuwa tayari. Ng'ombe alipumua kwa nguvu, nikaona jicho lake, nikafikiri kwamba kati yetu wote hapa huyu peke yake hadanganyi mtu.

Nikamwambia mwenyekiti mkono wangu leo si wa kuchinja, wamtafute mwingine.

Hakuna aliyepiga kelele. Maalim ndiye aliyenisogelea, karibu kabisa, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, umeritadi?"

"Sijui, maalim."

"Hilo si swali la kujibiwa sijui."

"Najua. Lakini sina jibu lingine, na sitaki kukutungia."

Sikuona hasira kwenye uso wake. Kaka akachukua kisu mkononi mwangu, akachinja, akachinja vizuri, sitamnyima hilo. Watu wakala chungu kimoja. Mgeni aliambiwa mchinjaji wa kawaida anaumwa bega, akanitumia pole.

Mkwe wangu alipanda wiki ile ile. Mzee wa mkonge, hakuwa mtu wa maneno. Alimwambia binti yake akunje vitu vyake. Maalim aliitwa, akaeleza hukumu ilivyo, naye aliieleza kama mtu anayetaka nisikie vizuri. Ndoa imesimamishwa. Mke atakaa eda kwa baba yake. Kabla eda haijaisha nikirudi, nikaitamka shahada mbele ya mashahidi, mke ni wangu, hakuna harusi mpya, hakuna mahari mpya. Eda ikiisha sijarudi, hanijui simjui. Mke wangu alifunga mzigo wake. Mtoto alilia kwa sababu kuku wake alibaki.

Sasa mtaona jinsi watatu hawa walivyonikalia wakati eda inakwenda.

Kaka alihamisha mpaka. Kwetu mpaka wa shamba ni mimea ya masale, na masale hayahamishwi, ni kama kuhamisha kaburi. Nilishuka bondeni asubuhi nikakuta mstari umepandwa upya katikati ya kabichi zangu, udongo bado mbichi. Alikuwa pale pale, jembe begani. Akaniambia kafiri hamrithi Mwislamu, nikamuulize maalim. Nikamjibu kwamba maalim amesema nina muda hadi eda iishe. Akasema basi nifanye haraka kuamua, maana yeye ana miche inangoja. Baadaye nilisikia kwamba kule Mazinde alikwisha peleka habari kuwa nimebatizwa tayari, kwa siri, na jina jipya ninalo. Uongo mtupu.

Mwenyekiti nilimletea kesi. Alikuja, akatazama masale, akauliza kabichi hizi za aina gani zimeshiba hivi. Akasema mambo ya ndugu yamalizwe na ndugu, chama hakiingilii dini. Hivyo hivyo. Mwezi uliotangulia dini ilikuwa kazi ya chama, alipotaka mkono wangu. Akainama mferejini kuosha tope vidoleni, akajifuta kwenye suruali, akaondoka. Nikabaki nimesimama nikimtazama mgongo, nikakumbuka mwenzangu wa msumeno na kidole chake kikitembea kwenye ukurasa.

Na mwinjilisti akaja na furaha. Nitasema kweli yote, huyu ndiye aliyeniudhi kuliko wengine, kwa sababu hakuwa na nia mbaya. Alikaa kwenye kiti cha mke wangu. Alisema sasa Bwana amekata kamba zote zilizonifunga, Jumapili hii maji yapo tayari, nisichelewe. Nikamuuliza anawaita mke wangu na mtoto wangu kamba? Akaanza kunieleza. Nikamfungulia mlango.

Nilikaa peke yangu kwenye nyumba ile. Asubuhi nilitawadha na kusimama kusali nione kama kuna kitu, nikakuta ninasali kwa ajili ya mke. Jioni nilijaribu kuomba kama mwenzangu alivyoomba kabla ya kula, nikakuta ninaomba kwa hasira niliyo nayo juu ya kaka. Hilo ndilo lililokuwa linanitafuna. Sikuwa najua tena lipi langu. Shahada ilikuwa imefungiwa mke ndani yake. Ubatizo ulikuwa umefungiwa kisasi ndani yake. Kila mlango niliougusa ulikuwa na mtu nyuma yake anayevuta.

Mama mmoja anayeshusha karoti soko la Mazinde aliniletea neno la mke wangu. Alilisema haraka, bila kuniangalia: "Amesema, sema tu. Mungu anaujua moyo." Na kwamba siku zimebaki chache.

Nikaamua nitasema. Siwafichi. Nilioga, nikavaa kanzu ya baba, nikashuka kwa njia ya Irente, ile ya mwambani ambayo ukiteleza wanakukuta chini wakati wa kuvuna. Juu kulikuwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Kila nilipozidi kushuka joto lilipanda, na harufu ya mkonge uliooza kwenye mashine ikaja kunipokea. Njia nzima nilikuwa naisema shahada kwa sauti, kama mtoto anayetumwa dukani akiogopa kusahau.

Mkwe wangu alinipokea kwa heshima. Nikampa shikamoo, akaitika. Maalim wa pale aliitwa, na mashahidi, wazee wa jirani, wakakaa kwenye mkeka barazani. Mke wangu alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlangoni, nilimwona miguu. Mtoto alitoka akanikimbilia, akarudishwa. Maalim akasema jambo ni jepesi, nitamke, tunywe kahawa.

Nikavuta pumzi. Ndipo mke wangu aliposema nyuma ya pazia.

"Baba, naomba nimuulize neno kwanza."

Baba yake akamwambia si wakati wake. Maalim akainua mkono, akasema ndoa ni yake pia, aachwe aulize.

Akatoka. Akasimama mlangoni, kajifunika vizuri, ananitazama mimi na si wazee.

"Baba watoto, unaisema kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

Mkwe akasema wanawake bwana, si umemtumia neno mwenyewe aseme? Akajibu ndiyo, alituma, alikuwa na hofu. Lakini usiku kucha amewaza kwamba atakuwa anaswali nyuma ya mtu ambaye hajui anaswali wapi. Akaniuliza tena.

Nilitaka kusema kwa ajili yangu. Wazee walikuwa wananitazama kwa huruma, wangekubali neno lolote. Ningelisema, leo ningekuwa na mke na mtoto na bustani ya mtoni, na kaka yangu angekuwa na aibu yake.

"Kwa ajili yako," nikasema.

Akaitika kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutetemeka.

"Basi usiseme. Hiyo ni shahada. Mimi si kitu cha kununulia shahada."

Akaingia ndani. Maalim wa Mazinde akajifuta uso kwa kofia yake. Mkwe wangu, mnyapara yule asiyecheka na mtu, alinisindikiza hadi mwanzo wa mlima, akaniambia mtoto nije kumwona ninapotaka, hakuna atakayenizuia. Nikapanda. Eda ikaisha nikiwa juu.

Kaka akachukua bustani yote, mwenyekiti akaipitisha kwenye kamati. Nilihamia upande wa Mlalo kwa jamaa za mama, nikapasua mbao za watu. Huko hakuna aliyeniombea na hakuna aliyenilaani. Palikuwa na msikiti na palikuwa na kanisa, na muda mrefu sikuingia popote. Nilingoja ule mlango ambao hakuna mtu nyuma yake. Hasira yangu juu ya kaka haikuisha, hadi leo haijaisha, lakini ilifika wakati nikaweza kuiacha nje kama unavyoacha jembe. Na nilipoiacha nje, nikakuta aliyebaki ndani bado ni yule mshitakiwa wa ile habari ya shimoni. Hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa kimya muda wote huo, na mimi nilikuwa nimekaa naye.

Nikaenda mwenyewe kwa mchungaji wa huko, mvi zimeanza kunitoka, nikakaa darasa la ubatizo na watoto wa shule walionizidi kusoma. Walinicheka, nikawaacha wacheke. Mchungaji alitaka nichukue jina jipya. Nikamwambia jina nililo nalo baba yangu alinisomea sikioni pamoja na adhana, na baba yangu sijamkataa. Alifikiri siku kadhaa. Akanibatiza na jina langu. Waliosimama nami ni wazee wa kanisa wasionijua vizuri. Aliyenisomea shimoni alikuwa amekwisha fariki.

Wiki ile nilishuka Mazinde. Sikutaka habari iteremshwe na kaka yangu kama alivyoteremsha nyingine. Mama wa mwanangu alikwisha olewa, na mtu mwema, fundi wa mashine za mkonge, nami nilimwomba mume ruhusa kwanza. Akaniruhusu, akakaa pembeni anatengeneza baiskeli. Mwanetu alikuwa msichana mkubwa tayari, ananipa shikamoo kwa haya, Kiswahili chake hakina ngazi tena.

Nikamwambia mama yake nimebatizwa. Alikuwa anakoroga uji. Aliacha mwiko ndani ya sufuria.

"Kuna mtu alikuvuta?"

"Hapana."

"Kuna ulichopewa?"

"Hakuna."

"Ni kwa ajili yako, basi."

"Ni kwa ajili yangu."

Alisema yeye anahuzunika, na ataendelea kuniombea nirudi, nisimkataze. Nikasema simkatazi. Akaniuliza kama nitakunywa uji, nikanywa, nikapanda mlima kabla jua halijawa kali.

Kaka yangu amekwisha kufa, mwenyekiti amezeeka, mwinjilisti nasikia alipandishwa cheo. Kwa miaka yote ile, kwa vikao vyote vile na maombi yote yale, hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza swali lile.